Umezima Taa, Mbona Bado Inawaka?

Tulinunua taa za LED ili tupunguze makali ya LUKU. Tulichokikuta kwenye holda za zamani za nyumba ya baba mkwe, kule Chanika, nusura kitutoe roho. Na kilitufundisha kitu kuhusu ndoa yetu pia.

Usiku wa kwanza nilidhani ni macho yangu.

Ilikuwa Jumapili. Mchana kutwa mimi na mume wangu tulikuwa tunahangaika na ngazi ya kuazima kwa jirani, tunatoa globu za zamani, tunaweka za LED. Tukala, tukaoga, tukaingia kulala. Mume wangu akabonyeza swichi, tap! Giza. Nikageukia ukutani. Baada ya dakika mbili hivi, macho yakiwa yameshazoea giza, nikatazama juu. Taa ilikuwa inawaka.

Si kuwaka kule kwa kuweza kusoma gazeti, hapana. Ilikuwa inamulika kwa mbali, rangi ya maziwa, kama mwezi ulio nyuma ya wingu.

"Mume wangu, hujazima taa."

"Nimezima."

"Sasa mbona inawaka?"

Akanyoosha mkono, akabonyeza swichi. Chumba kikajaa mwanga. Akabonyeza tena. Giza, halafu taratibu kale kamwanga kakarudi. Tukawa tumelala chali wote wawili, tunakakodolea macho.

"Si wewe uliyenunua za bei chee," akasema hatimaye. "Feki hizo. Lala, mke wangu."

Basi bwana, nikalala nimekasirika. Mpenzi msomaji, kama umeolewa unaijua ile hasira ya usiku, ya kuvuta shuka upande wako bila kusema neno.

TULIVYOFIKA CHANIKA

Kwa wasiopajua, Chanika ni ule upande wa Ilala ambao ukitoka Gongo la Mboto unapita Pugu, unaendelea, unaendelea tena, mpaka unaanza kujiuliza kama bado uko Dar. Tulikuwa tumepanga Sinza, chumba na sebule, kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Wote tunafanya kazi mjini. Baba mkwe alipoamua kurudi kwao Morogoro baada ya mama kufariki, alituita akasema nyumba isikae tupu, nyumba isiyo na watu inakufa.

Ni nyumba ya kawaida. Alianza na vyumba viwili miaka ya 80 mwishoni, akalipwa kiinua mgongo, akaongeza vingine viwili na korido. Ndani kuna taa nane. Kila moja inaning'inia kwenye waya wake kutoka darini, na mwisho wa waya kuna holda nyeusi ya bakelaiti, zile za pini, ambazo ukisukuma globu na kuizungusha kidogo inajifunga. Globu zenyewe zilikuwa za uzi, wati 60. Ukizigusa zimewaka unaungua vidole.

Mwezi wa kwanza tulinunua LUKU mara nne. Mara ya nne ilikuwa saa tatu usiku, mvua inanyesha, umeme umekatika nyumbani kwetu peke yetu mtaa mzima. Ndipo tukakaa na kalamu.

Hesabu yenyewe hii hapa, ifanye na wewe kwa nyumba yako. Taa 8 za wati 60 ni wati 480. Zikiwaka wastani wa saa 5 kwa siku, ni uniti 2.4 kila siku, sawa na uniti 72 kwa mwezi. Taa peke yake! Ukiweka LED za wati 9, ambazo zinatoa mwanga karibu uleule, unatumia uniti 10.8 kwa mwezi. Umeokoa uniti 61 na ushee.

Kwa bei zilizotangazwa mwaka 2016, mteja wa kawaida wa nyumbani anatozwa shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, na yule wa matumizi madogo anatozwa shilingi 100, mradi asizidi uniti 75 kwa mwezi. Kwa sisi wenye friji na pasi, uniti 61 ni kama shilingi 17,800 kila mwezi. Kwa mwenye matumizi madogo ni kama 6,100, lakini yeye ana faida nyingine: globu za uzi zingemmalizia uniti zake 75 karibu zote kabla hata hajachaji simu.

Nikaenda Kariakoo Jumamosi, nikanunua nane kwa shilingi 3,500 kila moja. Elfu 28. Kwa hesabu zetu, ndani ya miezi miwili hela imerudi. Nilirudi Chanika nimevimba kichwa, mke mwenye akili ya maendeleo. Halafu ndiyo ikaja ile Jumapili usiku.

MGOMBANO WA TAA

Jumatatu nikamwambia jirani yangu. Akacheka, akasema labda wenye nyumba yao wanadai nyumba yao. Utani tu, lakini usiku ulipoingia utani ule haukuchekesha tena. Nikakuta na ya korido nayo inamulika. Zile sita nyingine, ukizima zimezima kweli.

Jumanne mume wangu akabadilishana: globu ya sebuleni akaileta chumbani, ya chumbani akaipeleka sebuleni. Ile "feki" ya chumbani ilipofika sebuleni ikazima vizuri kabisa. Na ile nzima ya sebuleni ilipofika chumbani ikaanza kumulika.

"Kwa hiyo siyo taa zangu," nikasema. "Ni nyumba ya baba yako."

Nilitaka kuimeza ile sentensi, ikawa imeshatoka. Mwenzangu hakujibu. Alikusanya viatu vyake vya kazini, akaenda kuvipiga rangi nje kwenye giza. Nyumba ile baba yake aliijenga tofali kwa tofali, na mama yake alikuwa ameagwa kwenye sebule ileile. Mimi nilikuwa nazungumzia waya. Yeye alisikia kingine.

Kwa siku mbili tulisalimiana kama watu wa ofisi moja. "Umeamkaje." "Salama." "Chai ipo."

FUNDI ALIPOPANDA NGAZI

Alhamisi nikasema liwalo na liwe, nikamwita fundi umeme. Si yule kijana wa kuunga waya kwa meno. Huyu ni mtu mzima mwenye leseni. Nilianza kumweleza habari za globu, akaniinulia mkono.

"Shemeji, zima hiyo swichi. Usiniambie kitu."

Nikazima. Akapanda, akatoa globu, akaingiza testa kwenye pini moja ya holda. Testa ikawaka nyekundu. Akashuka. Akatoa mita kwenye mkoba, akapanda tena, akapima. Akamtazama mume wangu.

"Swichi imezimwa, si ndiyo? Hapa kuna volti 230."

Ikawa kimya. Mume wangu alikuwa ameshika ngazi. Siku mbili tu nyuma alikuwa amepanda hapohapo, pekupeku, swichi imezimwa, akaingiza vidole kuzungusha globu.

Maelezo ya fundi ni haya, na naomba uyasome mara mbili. Taa inahitaji waya mbili: mmoja unaleta moto, mwingine, nyutro, unarudisha. Swichi inatakiwa ikae kwenye ule wa moto. Ukizima, moto unaishia ukutani, holda inabaki haina kitu. Lakini aliyefunga vile vyumba vya nyongeza alikosea, akaweka swichi kwenye nyutro. Taa inazima, ndiyo, kwa sababu njia ya kurudi imekatwa. Ila moto wenyewe unabaki umekaa kwenye holda usiku na mchana, unasubiri mtu. Ukigusa pini huku mwili umegusana na ukuta mbichi, sakafu au ngazi ya chuma, wewe ndiye unakuwa njia ya kurudi.

Na kale kamwanga? Kwa kuwa moto haukatiki, kiasi kidogo sana cha umeme, chini ya sehemu moja ya elfu ya ampia, kinapenya kwenye waya na ukuta na kupitia kwenye taa. Globu ya uzi ya wati 60 inahitaji karibu robo ya ampia ili uzi upate joto uwake; kale kaumeme haiwezi hata kukasikia. LED haina uzi wa kuchemsha. Ukiipa tone, inatoa tone la mwanga.

"Kwa hiyo, shemeji," fundi akasema, akifuta mikono, "hizi taa zako siyo mbovu. Ndizo zimesema ukweli."

WENZETU WA MASHINE ZA PINBALL

Kuanzia siku ile mume wangu akapata ugonjwa wa taa. Kila akipanda daladala anasoma habari za taa, akirudi ananisimulia. Siku moja akaja na ya Marekani, na hii nimeipenda.

Kuna michezo ya zamani inaitwa pinball. Ni meza yenye miguu minne na kioo juu, ndani kigololi cha chuma kinarushwa, kinagonga vitu, taa zinawaka, kengele zinalia. Makampuni makubwa yaliyozitengeneza, Gottlieb, Bally na Williams, yalikuwa Chicago. Leo watu wanazikusanya na kuzitengeneza upya kama wenzetu wanavyofufua Peugeot za zamani. Ndani ya mashine moja kuna makumi ya globu ndogo za volti 6.3: namba 44 na 47 za pini, na namba 555 ya kuchomeka. Zinachemka, na joto lile kwa miaka linabandua rangi ya michoro mizuri iliyoko nyuma ya kioo. Kwa hiyo wanaweka LED, kuokoa mashine.

Na wanakutana na yaleyale ya Chanika! Taa ambayo haitakiwi kuwaka, inamulika kwa mbali, kwa sababu ya umeme kidogo unaobaki kwenye waya ambao globu ya uzi haikuwahi kuushtukia. Wao dawa yao ni kununua LED zilizowekewa kizuizi kidogo cha kuula ule umeme wa mabaki. Nyingine zinachezacheza, kwa kuwa umeme wa mashine unapanda na kushuka. Uzi wa moto hauwahi kupoa katikati, LED inazima na kuwaka hapohapo. Na mafundi wao wazoefu wana kanuni moja: usianze na taa, anza na soketi. Isafishe kutu, kaza kilicholegea, iliyooza itupe. Taa mpya kwenye soketi mbovu ni pesa iliyotupwa.

Nikamwambia mume wangu, hao Wamarekani wangemsikiliza fundi wetu wasingesumbuka.

Tofauti ni moja, na ni kubwa. Volti 6.3 haziui. Za nyumbani kwako ni 230.

NYEUPE AU YA NJANO?

Fundi alizima mein swichi, akahamisha waya kwenye swichi mbili, akabadilisha holda zote nane. Tatu zilikuwa zimeungua ndani, plastiki imekuwa kama biskuti. Tukabaki na ugomvi mmoja tu wa taa, huu wa raha.

Yeye anataka nyeupe. Anasema nyumba ionekane. Mimi nasema nyumba ikiwa nyeupe pee kama duka la dawa, utamwambia nani maneno matamu humo? Kumbe wote tuko sawa, ila kila mwanga una chumba chake. Tazama kwenye boksi la taa kuna namba yenye herufi K. Kuanzia 2700 hadi 3000 ni mwanga wa njano, wa joto, unaofanana na globu ya zamani. 4000 ni wa katikati. 6500 ni ule mweupe unaoelekea bluu. Mwanga wenye bluu nyingi usiku unauambia ubongo kuwa bado ni mchana, usingizi unachelewa. Kwa hiyo chumbani na sebuleni weka wa njano. Jikoni na sehemu ya kupiga pasi weka mweupe.

Dada zangu, na kwenye kioo cha kujipodolea usiweke taa yoyote ilimradi. Tafuta iliyoandikwa CRI 80 au zaidi. Hiyo inaonyesha rangi karibu na zilivyo. La sivyo utapaka poda ukidhani umependeza, ukifika kituoni jua likuumbue.

Kwa taarifa yako, mwanga huu mweupe wa LED haukuwepo mpaka Wajapani walipofanikiwa kutengeneza LED ya bluu miaka ya 90 mwanzoni. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa kazi hiyo. Bluu ikipitishwa kwenye unga maalumu wa njano, jicho linaona nyeupe.

KABLA HUJAPANDA KWENYE KITI

1. Jaribu usiku. Ukishaweka LED, zima zote, kaa gizani dakika tano, tembea chumba kwa chumba. Inayomulika, iandike.

2. Angalia swichi kwanza. Kama swichi ina kale kataa kadogo kekundu ka kuonyesha ilipo gizani, huenda ndiko kanakopitisha umeme kidogo. Hiyo siyo hatari, ni kero, badilisha swichi. Waya ndefu zinazokwenda sambamba, kama za taa yenye swichi mbili, nazo huleta kamwanga. Lakini usibahatishe, mwenye kujua ni fundi mwenye kipimo.

3. Kubadilisha globu, zima mein swichi. Siyo swichi ya ukutani, mein. Swichi ya ukutani inakuambia taa imezima. Haikuambii holda haina moto. Vaa viatu vikavu.

4. Holda kwanza, taa baadaye. Imebadilika rangi, imepasuka, inalegea, inatoa sauti ya kukaanga? Itoe. Kama ni ya kuzungusha badala ya pini, fundi ahakikishe moto uko kwenye kitako cha katikati, nyutro kwenye ganda la pembeni.

5. Usiifungie LED kwenye kopo. Haichemki kama globu ya uzi, lakini vifaa vyake vya ndani havipendi joto. Kwenye kifuniko cha kioo kisichopitisha hewa itakufa mapema.

6. Una taa za zamani zile za kujisokota? Zina zebaki kidogo ndani. Ikipasuka fungua madirisha, watoto watoke, okota vipande kwa karatasi ngumu, siyo kwa mkono wala ufagio.

7. Mwulize fundi leseni. EWURA inatoa leseni kwa mafundi wa kufunga umeme majumbani. Haoni aibu mwenye nayo.

SIMU YA MOROGORO

Jumapili iliyofuata mume wangu alimpigia baba yake. Nilikuwa jikoni, simu iko kwenye spika. Akamweleza yote, kwa heshima, akizungukazunguka ili mzee asione kama anasemwa kwa nyumba yake.

Baba alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ile ya chumbani? Ile ilikuwa inanipiga tangu zamani. Nilikuwa nabadilisha kwa kitambaa. Mama yenu nilimkataza asiiguse."

"Sasa Baba, mbona hukusema?"

"Nilizoea, mwanangu."

Mume wangu akakaa kwenye kiti. Mzee alikuwa ameishi na kile kitu miaka yote hiyo, anakizunguka, anakifunika na kitambaa, na hakuna aliyejua, kwa kuwa taa ilikuwa inawaka na kuzima kama kawaida. Ingekuwa siyo kubana matumizi ya LUKU, na sisi tungezoea. Au tusingepata nafasi ya kuzoea.

Simu ilipokatika alikuja jikoni. "Nisamehe kwa yale ya feki," akasema.

"Na mimi nisamehe kwa ile ya nyumba ya baba yako."

"Ulikuwa sahihi lakini."

"Nilikuwa sahihi kwa sauti mbaya."

Mpenzi msomaji, sina ushauri mkubwa wa ndoa. Mwaka wa tatu tu huu. Ila nimeona kwamba kitu kidogo kinachomulika usiku, ukikiambia "lala, mke wangu", hakizimi. Mtafute mwenye kipimo, shikeni ngazi wote wawili, mtazame.

Usiku ule mume wangu alibonyeza swichi, tap! Tukasubiri dakika mbili, tatu, tano. Giza. Giza la kweli la Chanika, na vyura wanalia nje.

"Umeona?" akauliza.

"Sioni kitu," nikamjibu, nikamrudishia upande wake wa shuka.